VPN Huficha Nini, na Haifichi Nini?



Serikali ya Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, mnamo Julai 2018, wengi wetu tulisikia kwa mara ya kwanza habari za VPN. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, lakini programu zile zimebaki katika simu. Siku hizi zinatangazwa kwa ahadi kubwa zaidi, kwamba mwenye VPN yuko salama dhidi ya wezi wa mtandaoni. Inafaa tuipime ahadi hiyo.

Kwa kawaida simu yako hupitisha mawasiliano yako kwenye kampuni ya simu, nayo huyafikisha kwenye tovuti unayoitaka. VPN huyageuza mawasiliano hayo kuwa fumbo, ikayapeleka kwanza kwenye kompyuta ya kampuni ya VPN, mara nyingi katika nchi nyingine, ndipo yafike yaendako. Ni kama barua iliyotiwa ndani ya bahasha ya pili: mchukuzi wa kwanza haioni anwani ya mwisho. Hivyo mwenye waifai ya hoteli hawezi kujua unafungua tovuti zipi, na tovuti yenyewe haioni anwani halisi ya simu yako. Faida hiyo ni ya kweli.

Hata hivyo, bahasha ya nje sharti ifunguliwe na mtu, naye ni mwenye VPN. Yale uliyoificha kampuni ya simu, iliyosajiliwa na yenye ofisi nchini, umeyakabidhi kwa mtu usiyemjua. Programu ya Onavo Protect, iliyokuwa mali ya Facebook, ilitangazwa kuwa kinga ya faragha, kumbe ilikusanya taarifa za watumiaji kwa faida ya kampuni. Mwaka 2023 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Meta zilipe jumla ya dola za Australia milioni 20 kwa sababu hiyo.

Jambo zito zaidi lilidhihirika Mei 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipotangaza kuvunjwa kwa mtandao wa kihalifu ulioitwa 911 S5. Programu za VPN za bure, zikiwamo MaskVPN na DewVPN, zilikuwa zimefungua mlango wa siri katika kompyuta za watu. Anwani zaidi ya milioni 19 za mtandao zilitumika hivyo, na wahalifu walilipia ili wapitie humo kufanya utapeli na kutoa vitisho. Maana yake ni kwamba mhalifu anatenda kosa, na nyayo zinaishia nyumbani kwa asiyehusika. Mpelelezi anayezifuata nyayo hizo atabisha hodi kwake kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aidha, VPN haina uwezo wowote juu ya utapeli tuuonao kila siku. Ukimtajia mtu namba yako ya siri ya pesa za simu, au ukiandika neno lako la siri katika tovuti bandia, VPN itaifikisha siri hiyo kwa mwizi salama salimini. Tena, tovuti ambazo anwani zake zinaanza na https tayari husafirisha taarifa zako kwa fumbo, hata bila VPN.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka VPN, jiulize mwenyewe ni nani na anapata wapi fedha zake. Seva na wafanyakazi ni gharama. Kama wewe hulipi, huenda anayelipa ananunua taarifa zako au anwani yako. Futa programu usiyoijua asili yake, na usasishe simu yako mara kwa mara. Usimpe yeyote namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa askari. Ukitapeliwa, hifadhi ujumbe na namba zilizotumika, kisha fika mapema katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.