Fahamu: Madaktari wachekeshaji ni akina nani?

Ni wasanii waliofunzwa kuigiza wodini mbele ya watoto wanaougua saratani na maradhi mengine mazito. Hawatibu.

Walianzia wapi?

New York, 1986. Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple Circus aliingia hospitali ya watoto akiigiza udaktari. Caroline Simonds, aliyefanya naye kazi, aliupeleka mtindo huo Ufaransa mwaka 1991.

Wanafanyaje?

Huenda wawili wawili, huelezwa na wauguzi hali ya kila mtoto, kisha hubisha hodi. Mtoto akisema hapana, wanaondoka. Hapo ndipo penye uzito wote: sindano hawezi kuikataa, lakini mchezo anaweza. Mama aliyekesha kando ya kitanda naye huvutwa mchezoni, akapumua kidogo.

Matibabu yanaendelea kama kawaida.