Gitaa la bei kubwa: mnunuzi alipie kiwanda, asilipie jina

NYAKATO, MWANZA: Mwenye mtaji wa milioni chache anayefikiria kuingia katika biashara ya kukodisha vyombo vya muziki eneo la Nyakato hukutana mapema na swali moja gumu: gitaa la solo linunuliwe la aina gani? Tofauti ya bei kati ya gitaa moja na jingine inaweza kufika mara kumi. Hata hivyo, kwa macho ya haraka yote mawili hufanana: umbo lile lile, rangi ile ile, na pengine jina lile lile kichwani.

Nyakato iko katika Wilaya ya Ilemela, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Bidhaa za Dar es Salaam hufika huko kwa barabara na kwa reli, na zile za Kenya hupitia mpaka wa Sirari. Wanaohitaji vyombo ni kwaya za makanisa, bendi za kumbi na waandaaji wa sherehe za harusi na sendofu. Wengi wao hawana haja ya kumiliki chombo, ila wanakihitaji kwa siku moja au mbili. Hapo ndipo nafasi ya mwekezaji mdogo ilipo, na hapo hapo ndipo anapoweza kufukia mtaji wake wote katika kipande kimoja cha mbao.

MWENYE VYOMBO NDIYE MWENYE BENDI

Historia ya muziki wa dansi nchini inaonyesha uzito wa jambo hili. Katika miongo ya mwanzo ya uhuru, bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya mashirika na taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya shirika. Mara nyingi mpigaji hodari aliyehamia bendi nyingine aliondoka na vidole vyake tu, gitaa likabaki.

Aidha, mpangilio wa dansi huhitaji magitaa zaidi ya moja: solo, rizimu na besi, na mara nyingi solo ya pili. Kwa hiyo mwenye kununua gitaa moja la bei kubwa mno anaweza kujikuta hana fedha ya kukamilisha seti, na seti isiyokamilika haikodishiki kirahisi.

TOFAUTI ZA WATENGENEZAJI

Katika magitaa ya umeme, mambo matatu ndiyo hutenganisha watengenezaji wakubwa: namna shingo inavyoungwa na mwili, urefu wa nyuzi, na vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, ambavyo wapigaji huviita pikapu.

Fender ya Marekani ilitoa Stratocaster mwaka 1954. Shingo yake hufungwa kwa skrubu, na urefu wa nyuzi zinazopigwa ni takriban milimita 648. Pikapu zake za asili ni za koili moja, zenye sauti kali na safi inayokata katikati ya ngoma na besi. Sauti ya namna hiyo hupendwa na wapigaji wa solo ya dansi na sebene. Kasoro yake ni kwamba koili moja hunasa mngurumo wa umeme.

Gibson, nayo ya Marekani, ilitoa Les Paul mwaka 1952. Mwili wake ni wa mahogani, mti wa ukoo mmoja na mkangazi unaofahamika nchini. Shingo hubandikwa kwa gundi, na nyuzi ni fupi kidogo, takriban milimita 628, hivyo hulegea zaidi chini ya vidole. Katikati ya miaka ya 1950 mhandisi wake Seth Lover alibuni pikapu ya koili mbili zinazofuta mngurumo. Sauti yake ni nzito na nene. Les Paul nyingi huwa nzito pia begani, jambo ambalo mpigaji wa kwaya anayesimama saa tatu mfululizo hulihisi.

PRS ilianzishwa mwaka 1985 katika jimbo la Maryland, Marekani. Imejiweka katikati ya hao wawili, kwa nyuzi za takriban milimita 635, na sifa yake kubwa ni umaliziaji makini. Kwa upande wa Japani, Yamaha, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1887, na Ibanez ya kampuni ya Hoshino, zinasifika kwa usawa wa kazi. Gitaa la kwanza na la mia ya aina moja hupishana kidogo sana. Shingo za Ibanez nyingi ni nyembamba na huwafaa wapigaji wa kasi.

JINA MOJA, VIWANDA TOFAUTI

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Jina la kampuni halisemi gitaa limetengenezwa wapi, wala kwa kiwango gani. Fender za daraja la juu hutengenezwa Corona, California. Za daraja la kati hutengenezwa Ensenada, Mexico. Jina la Squier, ambalo ni mali ya Fender, huwekwa kwenye magitaa ya bei nafuu kutoka Indonesia na China. Gibson za umeme hutengenezwa Nashville, na jina lake la pili, Epiphone, hutumika zaidi kwa magitaa ya Asia. PRS wana kiwanda Maryland na daraja la SE linalotoka Asia. Ibanez za daraja la Prestige ni za Japani, ilhali nyingi za kawaida ni za Indonesia.

Katika soko la dunia, Gibson Les Paul Standard mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 2,000 za Marekani, kabla ya usafiri na kodi. Squier za kuanzia huuzwa kwa dola mia chache tu. Anayelipa tofauti hiyo ananunua saa za kazi za mafundi, uteuzi wa mbao, usawazishaji wa vyuma vya shingoni, yaani freti, na vifaa bora vya umeme. Hata hivyo, mashine za kukata mbao zinazoongozwa na kompyuta zimepunguza pengo. Gitaa la daraja la kati la leo linaweza kufanya kazi ya ukumbini bila aibu, ikiwa litarekebishwa vizuri na fundi.

Jina pia hubadili mikono. Fender iliuzwa kwa kampuni ya CBS mwaka 1965 na kununuliwa na viongozi na wafanyakazi wake mwaka 1985. Wakusanyaji hadi leo hulipa zaidi kwa magitaa ya kabla ya CBS. Gibson iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2018, kisha ikatoka chini ya wamiliki wapya mwaka huo huo. Kinachouzwa ni kazi ya kiwanda fulani katika miaka fulani, na jina ni nembo tu ya kazi hiyo.

ZIWA, UMEME NA BARABARA

Gitaa la Nyakato linaishi kando ya Ziwa Victoria. Wakati wa vuli na masika mbao hunyonya unyevu na kuvimba. Kiangazi hukauka na kusinyaa. Shingo hupinda kidogo, nyuzi zikapanda au zikagusa freti. Ndani ya shingo kuna nondo ya kurekebishia hali hiyo, na fundi mwenye ufunguo wake humaliza kazi kwa muda mfupi. Gitaa ambalo nondo yake imekatika au imefika mwisho halifai kununuliwa kwa bei yoyote ya maana.

Shingo ya skrubu ina faida kwa mkodishaji. Ikiharibika, hufunguliwa na nyingine ikafungwa. Shingo ya gundi ikivunjika karibu na kichwa, huhitaji fundi hodari wa gundi, na hata ikipona thamani hushuka. Magitaa ya aina ya Les Paul, ambayo vichwa vyao vimelala nyuma, yanajulikana kwa udhaifu wa sehemu hiyo yanapoanguka. Kwa chombo kinachosafiri kwa daladala na bodaboda kila Jumamosi, sanduku gumu ni la lazima.

Kuhusu umeme, palipo na jenereta au nyaya zisizo na waya wa ardhini, pikapu za koili mbili hutulia zaidi. Mnunuzi wa amplifaya ya mtumba aangalie volti. Ya Marekani ni ya volti 120 na ya Japani ni ya volti 100, wakati umeme wa nchini ni volti 230. Ikichomekwa bila transfoma, huungua papo hapo.

MBAO NA SHERIA

Magitaa mengi ya zamani yana ubao wa shingo wa rozwudi, mti wa jamii ya Dalbergia, ambayo ndiyo jamii ya mpingo wa Tanzania. Kuanzia Januari 2017 mkataba wa CITES uliweka masharti ya vibali kwa jamii hiyo yote. Mwezi Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vililegezewa masharti hayo. Msamaha huo haugusi rozwudi ya Brazil, ambayo imo katika orodha kali zaidi tangu mwaka 1992. Anayeagiza gitaa la kale la bei kubwa aulize mapema ubao wake ni wa mti gani.

HESABU YA MKODISHAJI

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Ichukuliwe kwamba gitaa likikodishwa huacha sh. 40,000/- baada ya gharama. Gitaa lililofika Nyakato kwa sh. 6,000,000/- litahitaji kukodishwa mara 150 kurudisha fedha yake. Likitoka mara moja kwa wiki, hiyo ni karibu miaka mitatu. Gitaa la sh. 2,400,000/- litahitaji mara 60, yaani mwaka mmoja na miezi miwili hivi. Mteja wa harusi hulipia muziki, na ni nadra kulipa zaidi kwa sababu ya nembo.

Mwenye gitaa la bei kubwa hujitetea kwamba litahifadhi thamani. Hoja hiyo ina ukweli, lakini kwa sharti moja: awepo mnunuzi anayelitambua. Likiuzwa baadaye kwa sh. 4,000,000/-, hasara ni milioni mbili. La daraja la kati likiuzwa kwa nusu ya bei, hasara ni sh. 1,200,000/-. Na la kwanza huenda likalazimu safari ya Dar es Salaam au Nairobi kumtafuta mteja, wakati la pili linaweza kununuliwa na kwaya ya jirani.

Muagizaji kutoka nje akumbuke kwamba ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya gitaa pamoja na bima na usafiri. Kodi ya VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezewa ushuru. Kiwango cha ushuru kiulizwe TRA kabla ya fedha kutumwa. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani, hivyo muuzaji aliyeko Mwanza atoe bei kwa shilingi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Namba ya gitaa isomwe. Fender za Marekani za miaka ya karibuni huanza na herufi US, na za Mexico huanza na MX. Kwenye Gibson halisi, kifuniko kidogo cha kichwani kinachoziba nondo hushikwa kwa skrubu mbili. Nakala nyingi za bandia zina tatu. Namba nayo huweza kuigwa, kwa hiyo dalili zote zilingane: namba, maandishi ya nchi, uzito na umaliziaji.

Shingo itazamwe kwa jicho moja kutoka kichwani kama seremala anavyotazama ubao. Kila freti ipigwe katika kila uzi, na panapokufa sauti pawekwe alama. Vitufe vya sauti vizungushwe gitaa likiwa kwenye amplifaya. Vikikwaruza, kazi hiyo ni ndogo. Sauti ikikatika kabisa, fundi aitwe kabla ya bei kujadiliwa. Mpigaji mzoefu akilipwa nauli na chakula kuja kukagua, gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara ya kununua nakala ya bandia.

Kwa mwekezaji anayeanza, hesabu inaelekea kwenye gitaa la daraja la kati lenye shingo ya skrubu, la mtengenezaji ambaye vipuri vyake hupatikana, pamoja na sanduku gumu, seti mbili za nyuzi za akiba na fedha ya fundi. Gitaa la bei kubwa lina mahali pake: kwa mpigaji anayeishi kwa kazi hiyo na kulishika mwenyewe kila siku, au kwa mfanyabiashara ambaye tayari ana mnunuzi. Asiye na mojawapo ya hayo atakuwa amenunua pambo la sebuleni kwa mtaji wa dukani.