Sahihisho Lisisubiri Bahasha

Mwaka 1840, katika mji wa Bath nchini Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta. Aliwapelekea wanafunzi kadi zenye mafunzo, nao wakanakili vifungu vya Biblia kwa hati hiyo na kumrudishia avisahihishe. Mwaka huohuo Uingereza ilianzisha stempu ya peni moja, na barua ikawa nafuu kufika popote nchini. Kadi zile peke yake zisingekuwa na tofauti kubwa na kitabu cha dukani. Kilichozifanya kuwa somo ni sahihisho lililomrudia mwanafunzi.

Karne moja na nusu baadaye, Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kwa vitabu vilivyochapishwa na vituo vya mikoani, chuo hicho kilimwezesha mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi na karani wa halmashauri kusomea shahada bila kuacha kazi wala familia. Hata hivyo, kozi ya karatasi ina udhaifu wake popote inapofundishwa. Kazi ya mwanafunzi husafiri, husubiri zamu yake mezani kwa msahihishaji, kisha husafiri tena kurudi. Inapomfikia, pengine ameshavuka sura tatu, na kosa la sura ya kwanza limeshajengewa mengine juu yake.

Hapo ndipo kuihamishia kozi mtandaoni kunapoleta faida ambayo sayansi ya kumbukumbu inaweza kuieleza. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lilichokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83 ya mambo yaliyomo, wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja matokeo yaligeuka. Waliojipima walibaki na asilimia 61, waliorudia kusoma wakabaki na asilimia 40.

Fundisho lake kwa kozi ya masafa ni zito. Mwanafunzi aliye peke yake na kitabu hurudia kurasa, na kila akirudia huziona ni nyepesi zaidi, hivyo huamini kwamba ameshajua. Kumbukumbu hukomaa pale anapolazimika kuchota jibu kichwani. Lakini kujipima kusiko na sahihisho nako kuna hatari. Katika maswali ya kuchagua, mtu aliyechagua jibu la uongo anaweza kulibeba kama ukweli hadi siku ya mtihani. Samaki mkunje angali mbichi, na kosa ni vivyo hivyo.

Karatasi haiwezi kumpa kila mwanafunzi jaribio kila wiki na kumrudishia masahihisho kwa wakati. Mfumo wa mtandaoni unaweza. Moodle, unaotumiwa na Chuo Kikuu Huria na vyuo vingine vingi, ulitolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyekulia jangwani na kusomeshwa utotoni kwa redio kwa sababu shule ilikuwa mbali. Ndani ya mfumo huo mwalimu huweka hazina ya maswali na kuandika maelezo kwa kila jibu, hata lile lisilo sahihi, ili anayekosea aelezwe kosa lake liko wapi. Maelezo hayo si lazima yatokee papo hapo. Muhimu ni kwamba yafike mwanafunzi akiwa bado ndani ya mada.

Faida nyingine inamwendea mwalimu. Akiona kwamba wengi wameanguka swali lilelile, anajua ama swali lina utata, ama somo halikueleweka, na anaweza kuliandika upya wiki hiyohiyo. Kitabu kilichochapishwa hungoja toleo jipya. Jukwaa la majadiliano nalo huwakutanisha aliye Kigoma na aliye Mtwara, na swali la mmoja hujibiwa mbele ya wote. Mwanafunzi asiyeona, ambaye kitabu cha kawaida kilimlazimu atafute wa kumsomea, anaweza kusomewa na programu ya simu, mradi matini yameandikwa kwa herufi halisi na si picha za kurasa.

Yote haya hupotea chuo kikizipiga picha kurasa zake za zamani, kikazipandisha mtandaoni na kutangaza kwamba kimeingia zama za kidijitali. Mwanafunzi hapo amepewa kitabu kilekile, na gharama ya bando juu yake. Kozi ihamishwe kwa kuanza na majaribio mafupi na maelezo ya makosa, ndipo mapambo yafuate. Vifaa viwe vyepesi: matini na sauti kwanza, video pale tu inapohitajika. Programu ya simu ya Moodle humwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa na mtandao, kulisoma bila mtandao, na hata kufanya jaribio ambalo mwalimu ameliruhusu, kisha majibu yakapelekwa mtandao unaporudi. Vyuo vilifundishe hilo tangu wiki ya kwanza.

Walimu nao wapewe muda wa kazi hii. Kuandika swali zuri na maelezo ya majibu yake manne ni kazi ya kitaaluma kamili, na ihesabiwe hivyo katika ratiba na katika kupandishwa vyeo. Mwanafunzi anayesoma usiku baada ya zamu hospitalini amelipa ada ili apate mwalimu. Anastahili kujua alipokosea angali na nafasi ya kurekebisha, na sasa chombo cha kumjulisha kipo.