Mjamzito Katika Fleti Ndogo ya Ng'ambo

Leo tunazungumza na mabinti wa hapa kisiwani wanaojitayarisha kuwafuata waume zao ng'ambo wakiwa na mimba. Tunazungumza pia na mama, shangazi na nyanya wanaobaki nyuma wameshika simu. Kuanzia Kibokoni na Kuze hadi Majengo na Tudor, wengi wetu tuna binti au jamaa aliyeolewa Muscat, Dubai, London au Toronto.

Hebu kwanza tuitazame nyumba ya Mji wa Kale. Kuta zake ni nene, dari iko juu, na madirisha huingiza upepo wa bahari. Mama akijifungua, nyumba hujaa watu. Mmoja yuko jikoni anapika uji wa pilipili manga, mwingine anachemsha maji ya kumkanda mzazi, na mwingine amempakata mtoto. Mila zetu za arubaini zilizaliwa katika nyumba kama hiyo, yenye hewa nyingi na watu wengi.

Sasa itazame fleti ya ng'ambo. Ni chumba kimoja cha kulala na sebule, pengine orofa ya sita. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, au kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi. Mume ametoka kazini tangu alfajiri na jirani hajulikani jina. Hewa ni chache na watu hawapo. Kwa hivyo binti anayekwenda kuishi huko na mimba ashike mambo matatu: karatasi, hewa na watu.

JAMBO LA KWANZA: KARATASI

Usipande ndege kabla ya kupita kliniki. Hapa kisiwani waweza kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, hospitali ya Tudor au kituo kilicho karibu nawe. Kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kisiachwe kabatini. Ndani yake kuna kundi lako la damu, kiwango cha damu, shinikizo la damu, chanjo za pepopunda na matokeo ya vipimo. Daktari wa ng'ambo hakujui, na kitabu hicho ndicho kitakachozungumza kwa niaba yako. Kitie katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku, na upige nakala yake.

Mashirika mengi ya ndege huomba barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 ya mimba, na mengi hayampokei mjamzito baada ya wiki ya 36. Mwenye mapacha hukatazwa mapema zaidi. Ukiwa ndani ya ndege kunywa maji, nyoosha miguu, na uinuke kutembea kila baada ya muda, ili damu isigande miguuni.

Ukifika, usingoje tumbo likue ndipo utafute kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limependekeza mjamzito aonwe mara 8 au zaidi, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Uingereza wanataka ujiandikishe kwa mkunga kabla ya wiki ya 10. Ikiwa lugha inakupa shida, hospitali za serikali huko hutafuta mkalimani bila malipo. Mkubali huyo mkalimani, kwani kuna maswali ambayo mke hawezi kuyajibu vizuri mumewe akiwa ndiye anayetafsiri.

Uliza pia mapema habari ya gharama. Uingereza, mwenye viza ya kuishi na mumewe hulipa ada ya afya wakati wa kuomba viza, kisha hutibiwa katika hospitali za serikali bila kulipa tena. Mgeni wa matembezi hutozwa gharama za uzazi, nazo ni kubwa. Katika nchi za Ghuba, mume aulize kama bima ya kazini inagharimia uzazi na kuanzia lini. Cheti cha ndoa huulizwa huko, kwa hivyo kiwe tayari na kiwe kimehakikishwa kabla ya kuondoka Mombasa.

Jambo moja wengi hulisahau, nalo ni malaria. Hapa Pwani mjamzito hupewa kliniki dawa ya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13. Lakini malaria yaweza kujitokeza wiki kadhaa, hata miezi, baada ya kuondoka hapa. Ukipata homa ukiwa ng'ambo, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme waziwazi: "Nimetoka Mombasa, sehemu yenye malaria, na nina mimba." Usipolisema, huenda daktari akadhani ni mafua tu.

JAMBO LA PILI: HEWA

Akina mama, hapa nawaomba mtege sikio. Jiko la makaa na chetezo cha makaa visiwashwe ndani ya fleti iliyofungwa. Si kwa kupasha chumba joto, si kwa kufukiza udi, si kwa kumkanda mzazi.

Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hata makaa yaliyokolea yakawa mekundu bila moshi bado huitoa. Katika nyumba zetu upepo huipeleka nje. Katika fleti iliyofungwa hujaa chumbani, na watu huweza kulala wasiamke. Mtoto aliye tumboni huumia zaidi, kwa sababu sumu hiyo hushika damu yake na kumnyima hewa safi.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi mzito. Mjamzito husema, "Ni mimba tu hii." Kwa hivyo jiulize maswali mawili. Je, na mume wangu anaumwa na kichwa tukiwa ndani? Je, nikitoka nje napata nafuu? Ikiwa jawabu ni ndiyo, tokeni nje nyote na mwite msaada. Nunueni kengele ya kugundua kaboni monoksidi. Ile kengele ya moshi iliyo darini haiigundui hewa hii, ingawa nayo haifai kung'olewa. Na jiko la gesi ni la kupikia, lisitumiwe kupasha nyumba joto.

Anayependa harufu ya udi atumie chetezo cha umeme, ambacho hutumika sana Uarabuni. Hata hivyo, afukize mtoto akiwa chumba kingine na dirisha likiwa wazi, kwa kuwa moshi wowote huudhi mapafu machanga. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ya bomba hakuna neno, mradi maji yasimchome. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo wala asifungwe mkaja bila kumuuliza mkunga.

Hewa hiyo ndiyo pia ya mtoto kulalia. Mlaze chali, katika kitanda chake kidogo, chumba kimoja nanyi kwa miezi 6 ya mwanzo. Asiwekewe mto wala blanketi zito. Uingereza hushauri chumba kiwe nyuzi 16 hadi 20. Sisi tumezoea kumfunika mtoto mpaka utosini, lakini mtoto aliyepata joto kupita kiasi yuko hatarini. Mkiingia ndani, mvue kofia. Ukitaka kujua kama ana baridi, mguse kifuani au kisogoni, si mikononi. Na kwa kuwa nguo zake huanikwa ndani, fungua dirisha dakika chache kila siku, ukuta usiote ukungu.

Tusilisahau jua. Mwenye ngozi nyeusi, anayevaa buibui na kuishi nchi za baridi, hupata vitamini D kidogo sana. Uingereza mjamzito hushauriwa kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku. Muulize mkunga wako.

JAMBO LA TATU: WATU

Watu wa ng'ambo hawaji wenyewe, hutafutwa. Kabla ya mwezi wa nane wa mimba uwe umeshajua majina matatu: nani atakupeleka hospitali usiku mume akiwa kazini, nani atabaki na mtoto mkubwa, na nani atakupikia wiki ya kwanza. Anzia msikitini au kanisani, kliniki ya wajawazito, na kwa Waswahili wenzako. Muscat, kwa mfano, kuna familia nyingi zenye asili ya Zanzibar ambazo bado huzungumza Kiswahili nyumbani. Uingereza, mkunga na muuguzi wa jamii huja kukutazama nyumbani baada ya kujifungua. Hawaji kukupeleleza, wafungulie mlango.

Mama anayebaki Mombasa, kazi yako ni kubwa. Ukipiga simu usiulize habari za mtoto peke yake. Uliza: "Wewe umelala? Umekula nini leo? Ni nani yuko nawe?" Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Lakini huzuni ikipita wiki 2, akakosa usingizi hata mtoto akilala, au akasema heri asingekuwepo, hayo ni maradhi, na yana matibabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban wazazi wapya 13 katika kila 100 hupata maradhi ya akili, hasa huzuni nzito. Usimwambie avumilie. Mwambie amuone daktari leo, na umwambie mumewe vilevile.

Piga simu kwa saa zinazofaa. Ikiwa hapa ni saa tatu za usiku, Muscat na Dubai ni saa nne, na London ni saa kumi na mbili au saa moja za jioni, kutegemea msimu.

Na ukituma mzigo, tuma leso, mkaja na pilipili manga. Usitume udongo wa kula wala wanja wa kumpaka mtoto, kwa kuwa vitu hivyo vimewahi kupatikana na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Wala usitume dawa za miti shamba.

TUKUMBUSHANE

Dalili hizi hazingoji simu ya Mombasa: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, homa, chupa kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Nenda hospitali mara moja. Nambari za dharura ziandikwe mlangoni: Uingereza 999, Oman 9999, Imarati 998 kwa gari la wagonjwa, Marekani na Kanada 911.

Na mtoto akizaliwa, uliza kuhusu chanjo ya kifua kikuu. Hapa Kenya hupewa watoto wote wanapozaliwa. Uingereza hawapewi wote, lakini mtoto ambaye mzazi au babu yake alizaliwa Kenya anastahili kuipata. Usipouliza huenda ikakupita.

Msikilizaji, ikiwa una binti anayesafiri mwezi huu, msomee haya kabla hajafunga sanduku.