MTAFUTE BABU KATIKA KARATASI ZA MGENI

Ndugu msomaji, wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tumezoea kuutumia dukani na katika vyama vya ushirika; leo hebu tuubebe mpaka nyumbani. Ukiulizwa jina la babu yako utalitaja mara moja. Ukiulizwa jina la baba yake utalitaja baada ya kufikiri kidogo. Lakini ukiulizwa jina la mama yake, mahali alipozikwa na kazi aliyoifanya ujanani, huenda ukainama na kuchora chini kwa kidole.

Huko Mpwapwa, mkoani Dodoma, waliishi wageni kutoka Uingereza zaidi ya karne moja iliyopita, wengine kwa miaka michache tu. Leo mtu wa ukoo wao aliyeko Ulaya akitaka kujua mzee wake alifika lini, aliugua nini na aliagiza mizigo gani, anakwenda kwenye jumba la nyaraka, anaketi na kusoma. Mjukuu wa mtu aliyeibeba mizigo hiyo, ambaye yuko hapa hapa nchini, hudhani kwamba yeye hana mlango kama huo. Makala haya yanakusudia kumwonyesha kwamba mlango anao, nao ni ule ule wa mgeni.

NJIA YA MISAFARA

Mpwapwa ilijulikana mbali kabla haijawa makao ya wilaya. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na kwenye maziwa makuu ilipumzika hapa, kwa kuwa maji na chakula vilipatikana chini ya milima, na mbele yake kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali kabla ya kuingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Chama cha wamisionari wa Kiingereza, CMS, kilipoamua kupeleka watu Buganda, kiliifanya Mpwapwa kuwa kituo cha njiani. Mwaka 1877 Alexander Mackay aliongoza kazi ya kufyeka barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka hapa, na mwaka 1878 Daktari Edward Baxter na Joseph Last wakaanzisha makao ya kudumu. Baadaye Last alihamia Mamboya. Mkewe alimfuata bara, akafia huko. Henry Cole naye alikaa Kisokwe, karibu na Mpwapwa, na mwaka 1902 maelezo yake juu ya Wagogo yakachapishwa London.

Tunawafahamuje hawa wote? Sababu ni moja: wakubwa wao waliwataka waandike. Ilikuwa sharti mmisionari apeleke barua, taarifa ya mwaka na hesabu ya matumizi. Mwaka 1889, katika vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, kituo cha Kijerumani cha Mpwapwa kilishambuliwa na nyumba ya misheni ikateketezwa. Lakini barua zilizokwisha kupelekwa ng'ambo zilinusurika, na hadi leo nyaraka za chama hicho zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Moto uliunguza nyumba, haukuunguza habari.

KARATASI HUMJUA ALIYEIANDIKA

Hata hivyo, ndugu msomaji, usizisome karatasi hizo kwa pupa. Katika karatasi za namna hii mwandishi ana jina lake, jina la baba yake na siku aliyozaliwa. Mpagazi ni hesabu tu: wapagazi kadhaa, mizigo kadhaa, posho kadhaa. Mpishi, akibahatika, ana jina moja, tena limeandikwa jinsi lilivyosikika katika sikio la mgeni. Mwanamke aliyeuza mtama na kuku uliowalisha hao wote mara nyingi hana jina kabisa.

Lakini pia usizitupe. Orodha ya wapagazi iliandikwa ili hesabu ya ujira itimie. Daftari la ubatizo liliandikwa ili waumini wajulikane. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili yako, na bado ndani yake mna wazee wa watu. Mtazame Joseph Last huyo huyo. Mwaka 1885 alitoa kitabu cha maneno ya lugha nyingi za Afrika Mashariki. Maneno yale hayakuota kichwani mwake. Yalitoka vinywani mwa watu waliokubali kuketi naye na kujibu swali baada ya swali. Kitabu kina jina la aliyeuliza. Sauti iliyomo ni ya waliojibu.

NG'OMBE WALIPATA DAFTARI

Mpwapwa inatupa funzo jingine, nalo linachoma. Hapo kipo kituo cha utafiti wa mifugo ambacho mizizi yake ni ya enzi za Wajerumani. Wakati wa Waingereza, wataalamu wa kituo hicho waliwachanganya ng'ombe wetu wa kienyeji na aina za kigeni, kama vile Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, mpaka wakapata aina iitwayo ng'ombe wa Mpwapwa. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila daftari la nasaba: dume gani, jike gani, ndama amezaliwa lini, mama yake alitoa maziwa kiasi gani. Basi fikiri: katika wilaya hiyo hiyo, mchungaji aliyewaswaga ng'ombe hao aliweza kufariki dunia bila mahali popote kuandikwa jina la mama yake mzazi. Ng'ombe hawana lawama. Wao walikuwa na mtu aliyeona kwamba ukoo wao una thamani.

MFANO WA RASI

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Kule Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini, Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki walianza kukaa mwaka 1652. Familia zao ziliacha karatasi nyingi mno, kwa kuwa mtu alipofariki mali yake iliorodheshwa kwa ajili ya mirathi, hasa ikiwa ameacha watoto wadogo. Mjukuu wa Kiholanzi husoma orodha hizo ili ajue babu yake alikuwa na vitanda vingapi na mashamba mangapi. Lakini katika orodha hizo hizo, pamoja na meza, sahani na farasi, wameandikwa watumwa wa nyumba: jina, nchi aliyotoka, na mara nyingi bei yake. Wapo waliotoka Bukini na Msumbiji, na meli ya kampuni hiyo ilifika hata Unguja mwaka 1777 kununua watu.

Leo wapo watu wa Cape Town wanaozifungua karatasi hizo hizo kuwatafuta wazee wao waliouzwa. Karatasi ya bwana, iliyoandikwa ili mali isipotee, imekuwa ushahidi kwamba yule aliyeitwa mali alikuwa mtu, alikuwa na jina, na alitoka mahali. Nasi twaweza kuzisoma karatasi za Mpwapwa kwa jicho hilo hilo.

JINSI YA KUANZA

Usianzie Birmingham. Anzia kwa bibi. Wala usimwulize mwaka, mwulize njaa. Katika Ugogo wazee wamehesabu miaka kwa njaa, na iliyo mashuhuri ni Mtunya, iliyoangamiza watu wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na mara baada yake. Akikwambia kwamba baba yake alikuwa mtoto mchanga wakati wa Mtunya, umekwisha kupata mwaka: ni kati ya 1917 na 1920. Mwulize pia juu ya mahame. Katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 watu walihamia vijijini, na makaburi yakabaki porini. Anayejua mti ulio karibu na kaburi la babu ni mzee mmoja au wawili. Wakienda zao, jumba lolote la nyaraka duniani halitakuonyesha mti huo.

Kisha fungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Stakabadhi ya kodi, kipande cha kazi ya mkonge, cheti cha ubatizo, kadi ya TANU, barua iliyotoka vitani Burma: hizo ndizo nyaraka za taifa la nyumba yako.

Baada ya hapo nenda parokiani ukaombe kutazama madaftari ya ubatizo na ndoa. Mwisho nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Huko yamo majalada ya Kijerumani, ambayo mengine yalifukiwa ardhini wakati wa vita mwaka 1916 na kufukuliwa baadaye, na majalada ya Waingereza pamoja na vitabu vya wilaya. Uwe na subira na tahajia: Wajerumani waliandika Mpapua badala ya Mpwapwa, na ikiwa mji ulipata maandishi mawili, jina la babu yako linaweza kupata matano.

Tena uwe na hadhari. Katika vitabu vya wilaya mabwana shauri waliandika nasaba za watemi, kwa kuwa walitaka kujua nani wamtawaze. Aliyesimulia nasaba siku hiyo pengine alikuwa anautafuta utemi. Pima maandishi kwa maneno ya wazee, na maneno ya wazee uyapime kwa maandishi.

DAFTARI LA SHILINGI CHACHE

Ndugu msomaji, wewe uliyeko mjini, kiwandani, bandarini au ofisini, uko mbali na mahame kuliko baba yako, na mwanao atakuwa mbali kuliko wewe. Basi Jumapili hii nunua daftari la shule. Andika majina ya wazazi wako, ya wazazi wao, na ya akina mama usiwaache nyuma. Andika walikozaliwa, kazi walizofanya na mahali walipolala. Ukimaliza nakili mara ya pili, nakala moja uipeleke kwa mjomba au shangazi aliye mbali, maana moto wa Mpwapwa ulitufundisha kwamba habari iliyo katika nyumba mbili haiungui kwa siku moja.

Wageni wale hawakuwa na kumbukumbu kutushinda. Walikuwa na kalamu, na mtu wa kumwandikia. Kalamu unayo. Mtu wa kumwandikia ni yule mtoto anayecheza mlangoni pako sasa hivi.