Tulipu: jina lililosafiri kuliko ua

Kuna miti, mbao, viti, mapinduzi na hata somo la theolojia vinavyoitwa kwa jina la tulipu. Vingi havina undugu wowote na ua hilo. Tuyapime madai machache.

Mti wa tulipu wa Afrika ni jamaa ya tulipu. Si kweli. Mti huo ni kifabakazi, wengine huuita kibobakasi: ule wenye maua ya rangi ya moto, ambao watoto huminya vitumba vyake ili warushiane maji. Wataalamu wa mimea huuita Spathodea campanulata, na wameuweka katika ukoo mmoja na mjakaranda. Tulipu yenyewe ni mmea mfupi unaoota kutoka kwenye tunguu. Wazungu waliona ua lenye umbo la kikombe, wakalipachika jina walilokuja nalo kutoka kwao, ingawa wenyeji kuanzia Ghana hadi Uganda na magharibi mwa Kenya walikuwa na majina yao tayari. Katika jina lote hilo, kilicho sahihi ni “mti” na “Afrika” tu. Halafu mti wenyewe ukapelekwa Hawaii, Fiji na Queensland kama pambo la bustani, ukazaana mpaka ukaingizwa kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Huku kwetu unapandwa kandokando ya barabara na hakuna anayelalamika.

Mti wa tulipu wa Marekani una kasoro hiyohiyo, maana ni wa ukoo wa magnolia. Na zile mbao ziitwazo za tulipu, zilizopamba samani za matajiri wa Ufaransa katika karne ya 18, hazikutoka kwenye mti wowote kati ya hiyo miwili. Zilitoka Brazili, kwenye mti wa jenasi moja na mpingo wetu. Wamakonde, wachongaji wa mpingo, wana undugu nazo kuliko Waholanzi!

Tulipu asili yake ni Uholanzi. Si kweli. Nyumbani kwa tulipu za porini ni milima ya Asia ya Kati, kama Tian Shan na Pamir. Waturuki walizilima na kuzienzi kabla mtaalamu wa mimea Carolus Clusius hajazipanda kwenye bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden, mwaka 1593. Ndiyo maana Mapinduzi ya Tulipu ya Kirigizistani, yaliyomwondoa Rais Askar Akayev Machi 2005, nayaona kuwa na haki ya jina hilo kuliko karibu kila kitu kingine: huko, tulipu huota zenyewe mlimani.

Waosmani walioishi katika Enzi ya Tulipu waliiita hivyo. Si kweli. Kipindi chenyewe kilikuwapo, kuanzia 1718 hadi 1730, chini ya Sultani Ahmed III. Watu wa kasri walishindania matunguu hadi serikali ikalazimika kupanga bei. Uasi wa Patrona Halil ndio uliokikatisha: waziri mkuu akauawa, sultani akaachia kiti. Lakini jina “Enzi ya Tulipu” lilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20, hasa na mwandishi Ahmed Refik. Tukisoma leo, ni rahisi kudhani dola nzima ilikuwa bustanini, wakati waliokuwa bustanini walikuwa wachache sana.

Mafundisho ya Kalvini yaitwayo TULIP yametokana na ua la Uholanzi. Si kweli, ijapokuwa kishawishi cha kuamini ni kikubwa. Hoja zenyewe tano zilitetewa katika sinodi iliyofanyika Dordrecht, Uholanzi, 1618 hadi 1619. Herufi hizo, hata hivyo, ni za mwanzo wa maneno ya Kiingereza, na zilipangwa hivyo karne tatu baadaye. Wachungaji wa Dordrecht walijadiliana kwa Kilatini.

Kiti cha tulipu kilibuniwa kuiga ua. Nusu kweli. Umbo linafanana. Ila Eero Saarinen, aliyekibuni miaka ya 1950, alikuwa amechoshwa na fujo ya miguu chini ya meza na viti, akaamua kuubakiza mmoja.

Tulipu nyeusi ipo. Si kweli. Zinazouzwa kwa sifa hiyo, kama Queen of Night, ni za zambarau iliyokolea mno. Zisogeze juani utaona. Alexandre Dumas aliandika riwaya nzima ya mwaka 1850 juu ya kuisaka.

Maua ya Kenya yanayofika minadani Uholanzi ni tulipu. Si kweli. Mengi ni waridi, hasa kutoka Naivasha. Tunguu la tulipu huhitaji wiki nyingi za baridi kali kabla ya kukubali kuchanua, na mkulima wa Naivasha anayetaka tulipu itambidi kwanza alipie umeme wa chumba cha baridi.