Bakuchioli

Bakuchioli ni kampaundi ya kikaboni inayopatikana hasa katika mbegu za Psoralea corylifolia, mmea wa jamii ya mikunde unaoitwa bakuchi au babchi nchini India. Fomula yake ya kikemia ni C18H24O. Hutiwa katika vipodozi kwa sababu huchochea seli za ngozi kutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara.

Historia

Mbegu za bakuchi zimetumika tangu zamani katika tiba ya Ayurveda na tiba ya jadi ya China, hasa dhidi ya mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi. Mwaka 1966 wanakemia wa India Mehta, Nayak na Dev walieleza bakuchioli waliyoitenga kutoka katika mbegu hizo.

Utendaji

Kolajeni ya ngozi hutengenezwa na fibroblasti, seli zilizo katika tabaka la chini ya ngozi ya juu. Kwa sababu ya umri na mionzi ya jua, kolajeni hupungua na makunyanzi hutokea. Retinoli, aina mojawapo ya vitamini A, hupunguza makunyanzi hayo, lakini mara nyingi huwasha ngozi. Molekuli ya bakuchioli haifanani na ya retinoli. Hata hivyo, utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zote mbili huathiri jeni kwa namna inayokaribiana, zikiwemo jeni za kolajeni.

Majaribio kwa watu

Katika jaribio moja la wiki 12, watu 44 walipaka usoni krimu yenye asilimia 0.5 ya bakuchioli mara mbili kwa siku, au ya retinoli mara moja kwa siku. Makunyanzi na madoa yalipungua katika makundi yote mawili bila tofauti kubwa. Waliotumia retinoli walipata zaidi magamba na mchomo wa ngozi. Idadi hiyo ya watu ni ndogo, hivyo matokeo hayatoshi kuthibitisha kwamba dawa hizo mbili zina nguvu sawa.

Usalama

Bakuchioli iliyosafishwa si sawa na mafuta ghafi ya mbegu za bakuchi. Mafuta hayo huwa pia na psoraleni, kemikali inayofanya ngozi iungue kwa urahisi ikipigwa na jua. Kwa hiyo, anayepaka mafuta ghafi ili kuondoa makunyanzi anaweza kupata malengelenge na madoa meusi.